Je, ni kweli mji ndio unaokilisha kijiji?

Swali la msomaji: "Nimezaliwa na kukulia mjini. Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya mchana kazini, nilisema kwamba watu wa shamba wanaturudisha nyuma: hawajasoma, wanaogopa kila kitu kipya, na kodi zetu sisi wa mjini ndizo zinazowajengea shule na barabara. Mwenzetu mmoja aliyekulia kijijini aliinuka akaondoka, na tangu siku hiyo ananijibu salamu kwa shingo upande. Sitaki kuambiwa niwahurumie watu wa kijijini. Nataka kuoneshwa kwa hoja wapi nimekosea, kama nimekosea. Na je, ni haki fedha inayozalishwa mjini iende kujenga barabara wanayopita watu mia mbili?"

Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeikataa huruma mapema. Huruma ndiyo inayoharibu mazungumzo ya aina hii, maana anayehurumiwa amekwisha kuwekwa chini hata kabla hoja haijaanza.

Ulisema mambo matatu kwa pumzi moja, na hayana uzito sawa. La elimu lina ukweli ndani yake, ila sababu zake sizo unazozidhania. La kuogopa mapya lina maelezo marefu. La kodi ndilo ulilokosea zaidi, kwa hiyo nianze na hilo.

Kodi huandikwa pale inapolipwa, na mara nyingi hailipwi pale inapotoka. Chukua kampuni yoyote inayonunua mazao, ikayasindika na kuyauza nje ya nchi. Mashamba yako vijijini, vibarua wako vijijini, udongo na mvua ni vya huko. Makao makuu yako mjini kwenye ghorofa, karibu na benki, mawakili na uwanja wa ndege. Kodi ya faida inatoka kwenye ofisi hiyo ya ghorofani, na katika vitabu vya mamlaka ya mapato inasomeka kuwa ni kodi ya mjini. Ndivyo ilivyo kwa mbao, kwa madini, kwa umeme unaotoka kwenye bwawa lililozamisha mashamba ya watu, na kwa watalii wanaolipia hoteli kwa wakala wa mjini ili wakaone wanyama wanaoishi mlangoni kwa mwanakijiji. Mhasibu hajadanganya chochote. Ameandika anwani iliyo kwenye hati, na sisi tunaosoma anwani tunadhani tumesoma asili.

Juu ya hapo kuna kodi zilizomo ndani ya bei ya sabuni, betri, mafuta ya taa na muda wa maongezi. Mwanakijiji anazilipa kila anaponunua, na hakuna anayemwita mlipakodi.

Lakini kodi nzito kuliko zote aliyowahi kutozwa mkulima haikuitwa kodi hata siku moja. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Gold Coast, yaani Ghana ya leo, iliunda bodi ya kununua kakao yote ya nchi. Bodi ilimpangia mkulima bei, ikauza kakao hiyo kwa bei ya soko la dunia, na tofauti ikabaki kwenye mfuko wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: mfuko huo ungemkinga mkulima siku bei itakapoanguka. Miaka iliyofuata vita vya pili bei ya kakao ilipanda sana, mfuko ukajaa kupita kinga yoyote iliyohitajika, na akiba hiyo ikakaa London kwa pauni. Baadaye fedha za kakao zilitumika kwa shughuli nyingi za serikali. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1948, kilichangiwa fedha nyingi na bodi hiyo hiyo. Watoto wa mjini walisoma mle, wakahitimu, na nina hakika wapo waliotoka wakimwita mkulima wa kakao mshamba.

Mfumo wa namna hiyo ulienea katika nchi nyingi za Afrika, kwa mazao mengine na majina mengine. Wala si Afrika peke yake. Japani, ambayo watu hupenda kuitaja kama mfano wa nchi iliyojijenga kwa viwanda, ilianzisha kodi mpya ya ardhi mwaka 1873: asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe kwa fedha taslimu, mavuno yawe mema au mabaya. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kodi hiyo ndiyo iliyoibeba hazina ya serikali. Shule, jeshi na viwanda vya kwanza vilitoka humo. Wakulima walifanya ghasia, na mwaka 1877 kiwango kikashushwa hadi asilimia 2.5. Nchini China mkulima aliendelea kulipa kodi ya kilimo mpaka ilipofutwa tarehe 1 Januari 2006, wakati Shanghai ilikuwa imekwisha kujaa maghorofa. Tena tangu mwaka 1958 mfumo wa kusajili makazi ulikuwa umemzuia mwanakijiji kuhamia mjini apendavyo, huku mkazi wa mjini akigawiwa nafaka kwa bei nafuu. Nafaka hiyo serikali iliinunua kwa mkulima kwa bei iliyoipanga yenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimjenga nani, nitakujibu kwamba katika nchi nyingi kijiji kililipia ujenzi wa mji kwanza, ndipo mji ukaanza kulalamika kwamba unakilipia kijiji.

Na bado hatujafika kwenye mchango mkubwa zaidi, ambao ni watu. Mtoto wa kijijini anazaliwa, anauguzwa, analishwa, anasomeshwa, anafundishwa kazi za mikono na adabu, kwa miaka ishirini, kwa gharama ya wazazi na ukoo wake. Halafu anapanda basi. Mji unampokea akiwa tayari kubeba zege, kulea watoto wa wengine, kuendesha gari, kulinda geti, kufundisha darasa au kutibu wagonjwa. Mji haukulipa senti ya malezi hayo. Akifukuzwa kazi, akiugua au akizeeka, mara nyingi anarudi alikotoka.

Hilo lilionekana wazi India mwaka 2020. Usiku wa tarehe 24 Machi, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba nchi nzima ingefungwa kwa sababu ya korona baada ya muda wa saa nne tu. Kazi zilisimama, na vibarua waliokuwa wakiishi kwa ujira wa siku walijikuta hawana kodi ya chumba wala nauli. Mamilioni walianza kurudi vijijini, wengi wao kwa miguu, wengine mamia ya kilomita, wamebeba watoto mabegani. Miji waliyoijenga haikuwa na mahali pa kuwaweka. Kijiji ndicho kilichokuwa bima yao ya kukosa ajira, na hakuna mwajiri aliyewahi kukichangia ada ya bima hiyo.

Utasema: basi kama mchango ni mkubwa hivyo, mbona hauonekani kwenye takwimu? Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu takwimu ndizo kazi yangu.

Miaka ya nyuma nilifuatana na mdadisi, yaani mkusanya takwimu, kijana wa mjini mwenye bidii na heshima, tukipita nyumba kwa nyumba na dodoso. Tulimkuta mama mmoja uani anapepeta nafaka. Pembeni yake palikuwa na ndoo mbili za maji aliyokwisha kuteka, mzigo wa kuni, na mbuzi wawili wamefungwa kwenye mti. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni mwake. Kijana akauliza swali la karatasi: "Mama, unafanya kazi gani?" Mama akacheka kwa aibu kidogo. "Mimi sina kazi, mwanangu. Nipo tu nyumbani." Ungo haukusimama hata alipokuwa anajibu. Kijana akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha asiye na kazi, akageuza ukurasa.

Nilimwomba arudi nyuma, aache swali la karatasi, amuulize mama jana aliamka saa ngapi na tangu alipoamka alifanya nini, jambo kwa jambo. Alianza na kuamka kabla ya alfajiri. Kijana alikosa nafasi ya kuandikia, ikabidi ageuze karatasi upande wa pili.

Usidhani ni uzembe wa mdadisi mmoja. Kanuni zenyewe za kuhesabu zina mipaka. Kwa kanuni za kimataifa za hesabu za uchumi, nafaka anayoilima mama yule ili ale na familia yake inatakiwa kuingizwa kwenye pato la taifa, lakini kuipika na kumlea mjukuu haviingii. Na hicho kinachotakiwa kuingizwa mara nyingi hukadiriwa tu, kwa kuwa hakina risiti. Mwaka 2013 mkutano wa wanatakwimu wa kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani ulikubaliana kwamba mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kwake anafanya kazi, ila hahesabiwi kuwa katika ajira, kwa sababu ajira ni ile ya malipo au faida. Kwa mtaalamu uamuzi huo una mantiki yake, na mimi siupingi. Tatizo linaanza pale takwimu ya ajira inapofika kwenye gazeti, na msomaji wa mjini akaona vijiji vizima vya watu "wasio na ajira", akakumbuka alichosikia kuhusu wavivu wa shamba.

Kwa kuwa nimegusa chakula, nikutahadharishe na upande wa pili pia. Utasikia watetezi wa kijiji wakisema kwamba wakulima wadogo wanalisha asilimia 70 au 80 ya dunia. Usiitumie takwimu hiyo, imekuzwa. Hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2021 zinaonesha kwamba mashamba yasiyozidi hekta 2 ni kama asilimia 84 ya mashamba yote duniani, yanashika karibu asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na yanatoa kama asilimia 35 ya chakula. Mimi naona hesabu hiyo ya kweli inatosha kabisa. Mtu mwenye sehemu ya nane ya ardhi anatoa zaidi ya theluthi ya chakula. Huyo hahitaji kutiwa chumvi.

Sasa tuje kwenye woga wa mapya.

Wewe una mshahara. Ukijaribu jambo jipya likakwama, mwisho wa mwezi mshahara unaingia, unajaribu tena. Mwenye ekari moja akipanda mbegu mpya ikagoma, nafasi yake ya pili iko msimu ujao, na katikati pana miezi ya kulisha watoto bila ghala. Ndiyo maana haulizi tu "nitavuna kiasi gani mwaka mzuri?" Anauliza pia "mwaka mbaya nitabaki na nini?" Afisa anayekuja na mbegu mara nyingi ana jibu la swali la kwanza peke yake.

Theodore Schultz, mchumi wa Marekani aliyekulia shambani huko South Dakota, aliwashtua wenzake mwaka 1964 alipodai kwamba wakulima wa jadi ni maskini, lakini kile kidogo walicho nacho wanakitumia kwa ufanisi ambao mtaalamu kutoka nje atapata shida kuuzidi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, pamoja na Arthur Lewis. Wapo waliompinga, na wana hoja: wakulima nao hukosea, hufuata mkumbo, hung'ang'ania yaliyopitwa. Lakini tangu wakati wake, kuanza na dhana kwamba mkulima hajui anachofanya kumekuwa kunahitaji ushahidi.

Na ushahidi huo ulipotafutwa, mara nyingi uligeuka. Kwa miaka mingi maafisa wa kilimo wa kikoloni barani Afrika waliona kuchanganya mazao katika shamba moja ni uvivu na uchafu. Shamba zuri kwao lilikuwa la zao moja lililopandwa kwa mistari. Miaka ya 1960 na 1970 mchumi David Norman na wenzake walikaa na wakulima wa kaskazini mwa Nigeria, wakapima kila kitu: saa za kazi, mavuno, hasara. Mchanganyiko ulileta faida kubwa zaidi kwa hekta, na ulikuwa salama zaidi msimu ulipoharibika. Kumbe ule uliokuwa ukiitwa uchafu ulikuwa na hesabu ndani yake, ila hesabu hiyo haikuandikwa popote.

Kinyume chake ni mradi wa karanga wa Tanganyika. Mwaka 1947 wataalamu waliotumwa na serikali ya Uingereza walianza kusafisha pori la Kongwa kwa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, ili wapande karanga kwa eneo lililozidi hekta milioni moja. Wagogo wa eneo hilo walikuwa wakilima uwele na mtama katika mashamba madogo na kufuga, kwa sababu walijua mvua ya huko haiaminiki. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, majembe ya trekta yakavunjika, mvua ikafanya ilivyozoea. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kuteketeza karibu pauni milioni 36. Nashangaa kwamba hakuna msemo wa "ujinga wa mjini" uliozaliwa siku ile.

Tena huyo mkulima "anayeogopa mapya" ana rekodi ndefu ya kuyakumbatia pale yanapomlipa. Muhogo, mahindi na tumbaku vilitoka Amerika baada ya 1492, na vikasambaa ndani ya Afrika kutoka mkono hadi mkono, bila bwana shamba wala semina. Na ile kakao niliyoitaja awali, nani aliipanda? Ni wakulima wadogo wa Gold Coast wenyewe. Walihama, wakachangishana kununua misitu, wakaligawana eneo na kupanda mti ambao huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa fedha yao wenyewe. Kufikia mwaka 1911 nchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Ukimwona mtu wa mjini anafanya hivyo, utamwita mwekezaji.

Kuna aina nyingine ya mchango ambayo hupotea kabisa, nayo ni maarifa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Benjamin Jesty, mkulima wa Yetminster katika jimbo la Dorset, Uingereza. Wakati huo ndui iliua na kuharibu sura za watu kila mahali, na wakamuaji maziwa wa vijijini walijua jambo ambalo waganga wa London walilichukulia kama porojo: aliyeugua ndui ya ng'ombe haugui ndui ya watu. Jesty mwenyewe aliwahi kuugua ile ya ng'ombe. Mwaka 1774 ndui ilipoingia eneo lao, aliichukua familia yake hadi kwa ng'ombe wa jirani aliyekuwa mgonjwa, akachovya sindano ya kufumia soksi kwenye kidonda cha kiwele, akamchanja mkewe mkononi na watoto wawili wa kiume, wa miaka miwili na mitatu. Watoto hawakupata shida. Mkono wa mke ulivimba vibaya mpaka ikahofiwa atakufa, lakini alipona. Majirani walimtukana Jesty kwa kumtia mtu ugonjwa wa mnyama. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeugua ndui.

Edward Jenner, daktari, alifanya jaribio lake maarufu mwaka 1796, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Sisemi Jenner alikuwa mwizi. Alijaribu kwa utaratibu, akaandika, akachapisha, na bila kuchapisha Shirika la Afya Duniani lisingeweza kutangaza mwaka 1980 kwamba ndui imetokomezwa. Ila jaribio lake lilisimama juu ya kile ambacho watu wa mazizini walikuwa wakikijua. Mwaka 1805 taasisi moja ya chanjo ya London ilimwalika Jesty imshukuru. Familia yake ilimsihi anunue nguo za kisasa kabla ya safari. Alikataa, akisema haoni kwa nini avae vizuri zaidi London kuliko anavyovaa nyumbani. Akaenda na nguo zake za shamba, na hizo ndizo alizochorwa nazo kwenye picha.

Maarifa yakidharauliwa huweza hata kuua. Wanawake wa vijiji vya Meksiko na Amerika ya Kati walichemsha mahindi kwa chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, kizazi baada ya kizazi. Wazungu walichukua mahindi, wakaacha majivu, wakidhani ni mbinu tu ya kulainisha ganda. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliona huko Asturias, Hispania, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili uliowapata maskini waliokuwa wakila mahindi. Ni pelagra, ambayo baadaye iliitesa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaua watu wengi sana kusini mwa Marekani. Mwaka 1937 ndipo ilipothibitishwa kwamba kinachokosekana ni niasini, vitamini ambayo chokaa na majivu huifungua kutoka kwenye punje ili mwili uipate. Karne mbili za maabara na hospitali zilikwenda kutafuta kitu ambacho kilikuwa kwenye chungu cha mama mkulima.

Turudi kwenye elimu, uliposema kweli nusu. Ni kweli katika nchi nyingi wastani wa miaka ya shule kijijini uko chini. Shule ziko mbali, zina walimu wachache, na mwalimu akipangiwa kijijini huanza siku hiyo hiyo kutafuta uhamisho. Umaskini nao ni wa kweli: watu wengi walio katika umaskini uliokithiri duniani wanaishi vijijini. Sitaki ufiche hilo kwa adabu. Lakini fikiria jinsi wastani huo unavyotengenezwa. Kijiji kinasomesha watoto wake, waliofaulu wanaondoka, halafu tunakuja kuhesabu waliobaki na kutangaza kwamba kijiji hakijasoma. Waliosoma wanahesabiwa mjini, na huyo mwenzako wa kazini ni mmoja wao.

Kuna na suala la uwanja. Wewe humkuta mtu wa kijijini kwenye uwanja wako: dirisha la benki, korido ya hospitali kubwa, kituo cha mabasi. Hajui foleni inaanzia wapi, ameweka vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki, anamuuliza mlinzi mambo ambayo kibao kimeandika. Unapata picha yako hapo. Wewe ukienda kwake, ukashindwa kutofautisha gugu na mche, ukaogopa ng'ombe, ukaomba uchemshiwe maji, hakuna anayekucheka usoni. Unaitwa mgeni, unapewa kiti. Anayeshindwa ni yeyote aliye nje ya mazingira yake, lakini jina la dharau limewekwa kwa upande mmoja tu.

Neno moja dogo kwa wale wanaodhani wamepona ugonjwa huu kwa kukisifu kijiji. Kusema watu wa kijijini ni wakarimu, hawana tamaa, wanaishi kwa amani na asili, ni kuwaondolea akili kwa njia ya upole. Kijijini kuna wakarimu na kuna mabahili. Kuna ugomvi wa mipaka unaodumu vizazi, kuna wajane wanaonyang'anywa mashamba na shemeji zao, kuna matajiri wanaowakopesha wenzao kwa riba ya kutisha. Na si kila mtu kijijini ni mkulima. Yumo fundi cherehani, mkunga, dereva, mwalimu, mwenye mashine ya kusaga. Anayetaka kuwaheshimu na awaone hivyo, wakiwa na hila zao na hesabu zao.

Sasa barabara ya watu mia mbili. Una haki ya kuuliza, maana kwa kichwa kimoja barabara ya kijijini ni ghali kuliko ya mjini, na hilo hakuna hoja italibadilisha. Ninachokupinga ni kuhesabu wanaoishi pembeni ya barabara bila kuhesabu vinavyopita juu yake na wanaovisubiri mwisho wake. Barabara ikikatika mvua za masika, watu mia mbili watakosa soko, na wewe utaona bei imepanda bila kujua kwa nini.

Ipo miji iliyojifunza kufanya hesabu hiyo mpaka mwisho. New York hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye milima na mashamba yaliyo mbali na jiji, hasa eneo la Catskill na Delaware. Miaka ya 1990 jiji lilikabiliwa na sharti la kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji hayo, kwa mabilioni ya dola. Badala yake, mwaka 1997 lilitia saini makubaliano na vijiji na miji midogo ya huko juu: jiji linalipia mashimo salama ya samadi, uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie mitoni, ukarabati wa mifumo ya maji taka, na ununuzi wa ardhi kwa wanaokubali kuuza. Kulikuwa na uhasama mkubwa kabla ya hapo, na haujaisha wote. Lakini ilitoka nafuu sana kuliko mtambo, na mamilioni ya watu wanakunywa maji hayo hadi leo. Sidhani diwani yeyote wa New York aliyeidhinisha malipo yale alikuwa anatoa sadaka.

Kwa hiyo mwenzako umwambie nini? Kwa sentensi ya kodi muombe radhi, na umwambie ni kwa sababu haikuwa kweli, si kwa sababu ilimuumiza. Ya woga wa mapya, muulize nyumbani kwao walijaribu nini kikashindikana na kiliwagharimu nini. Huenda akakupa mfano mzuri kuliko yangu yote. Ya elimu unaweza kuiacha kama ilivyo. Aliisoma shule hiyo, anajua ilikuwa na walimu wangapi.